Nyungunyungu na Zebaki: Ushauri kwa Wakulima wa Mboga, Mpunga na Kuku wa Unguja na Pemba

Mkulima anayechimbua tuta la mchicha baada ya mvua za masika na kuwakuta nyungunyungu tele hufurahi, na furaha yake ina msingi, kwa kuwa viumbe hawa hupenyeza hewa na maji ardhini, husaga majani yaliyooza na kuacha vinyesi vyenye rutuba kuliko udongo wa pembeni. Ndiyo maana sisi tulio katika kazi ya ugani tumezoea kuwaambia wakulima kwamba penye nyungunyungu pana afya. Maneno hayo ni sahihi tukizungumzia rutuba, ila si sahihi tukizungumzia sumu za metali. Makala haya yanahusu metali moja tu, zebaki, ambayo nyungunyungu huweza kuibeba mwilini kwa muda mrefu na kuifikisha kwa kuku, bata na ndege wa porini bila ya yeye kuonesha dalili ambayo mkulima angeitambua kwa macho.

Zanzibar haina machimbo ya dhahabu kama yale ya Geita au Chunya, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki kunasia chembe za dhahabu, kwa hiyo sehemu kubwa ya mashamba yetu haina sababu ya kushukiwa. Tatizo la kwetu ni la vipande vidogo vya ardhi: nyuma ya nyumba, kando ya jaa la zamani, karibu na shimo la taka la kituo cha afya, au kwenye bustani iliyoanzishwa juu ya biwi ambalo watu wamelisahau. Zebaki ya hapo hutoka katika vitu tunavyonunua wenyewe. Kipimajoto cha kioo cha kupimia homa kina takriban gramu moja ya zebaki. Kipimo cha presha cha zamani, kile chenye safu ndefu ya kioo, kina gramu 80 hadi 100. Globu ya kuokoa umeme ina miligramu chache tu, mara nyingi kati ya 3 na 5, na taa za mirija za zamani zilikuwa na zaidi ya hapo.

Tarakimu hizo huonekana ndogo mpaka mtu azipigie hesabu ya udongo. Mita moja ya mraba ya udongo wa juu, kwa kina cha sentimita 15, ina uzito unaokaribia kilo 195. Gramu moja ya zebaki ikitawanyika sawasawa katika tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tano, itaongeza takriban miligramu moja kwa kila kilo ya udongo, na hali udongo wa kawaida usiochafuliwa huwa na chini ya miligramu 0.1 kwa kilo. Kwa maana hiyo, kipimajoto kimoja kilichovunjika kinatosha kulipandisha tuta zima la mchicha zaidi ya mara kumi ya hali yake ya asili, na kipimo kimoja cha presha kinaweza kufanya hivyo katika mita za mraba 500, yaani thumuni ya eka. Globu moja huathiri kilo nne tu za udongo, kiasi kisichojaza hata nusu ya ndoo. Ni kweli kwamba zebaki haitawanyiki sawasawa namna hiyo, kwa sababu nyengine hubaki vitone na nyengine huruka kama mvuke, lakini hesabu hii inasaidia kujua kipi cha kuhofia zaidi na kipi kidogo.

Kuchoma taka hakuiondoi zebaki. Metali hii huchemka kwenye nyuzijoto 357 za Selsiasi, joto ambalo moto wa biwi hulifikia bila ya taabu, hivyo sehemu kubwa hupaa na moshi ambao watu wa nyumbani huuvuta, na sehemu nyengine huangukia karibu pamoja na masizi na majivu. Yapo pia mafuta na sabuni za kujichubua zilizotiwa chumvi za zebaki. Mtu akizipaka na kuoga, maji ya bafuni huteremka na chumvi hizo mpaka kwenye shina la mgomba au kitalu cha majimbi ambacho wengi wetu hukipanda hapo hapo penye mtiririko. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umezuia utengenezaji na biashara ya vingi kati ya vitu hivi, na taa za mirija nazo zimewekewa ukomo wa mwaka 2027. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sababu ya kuwa waangalifu zaidi sasa, kwa kuwa katika miaka hii ya kubadilisha taa ndipo za zamani zitakapotupwa kwa wingi.

Namna zebaki inavyoingia mwilini mwa nyungunyungu

Zebaki haikai ardhini katika hali moja. Ipo ile ya metali inayong'aa na kukimbia kama shanga, zipo chumvi zake zinazoyeyuka au kushikamana na udongo, na ipo zebaki ya methili, ambayo hutengenezwa na bakteria pale zebaki ya kawaida inapokutana na mazingira yasiyo na oksijeni. Tofauti hii ni ya msingi, kwa sababu nyungunyungu hawapokei hali hizo tatu kwa kiasi sawa, na hatari kwa anayemla nyungunyungu nayo si sawa.

Njia ya kwanza ni ngozi. Nyungunyungu hana mapafu, hupumua kwa mwili mzima, na ili oksijeni ipenye, ngozi yake lazima iwe nyembamba na yenye majimaji kila wakati. Yale maji membamba yaliyomo baina ya chembe za udongo ndiyo yanayomgusa usiku na mchana, na zebaki iliyoyeyuka ndani yake hupenya pamoja nayo. Zebaki iliyofungamana na kloridi hupita kwa wepesi zaidi, kwa kuwa muungano huo hauna chaji ya umeme na utando wa seli hauuzuii. Mashamba ya ukingoni mwa bahari, ambako maji ya chumvi hupanda kwenye visima na mifereji, yana kloridi nyingi, na hili linapaswa kukumbukwa na wakulima wa maeneo hayo.

Njia ya pili ni kinywa. Nyungunyungu wanaoishi ndani ya udongo humeza udongo huo mfululizo ili wapate chakula kilichochanganyika nao, na kwa siku moja kiasi wanachomeza huweza kukaribia uzito wa miili yao. Ukimlaza nyungunyungu kiganjani na kumtazama kwenye mwanga, utaiona michirizi myeusi ikipita ndani yake kutoka kichwani hadi mkiani: huo ni udongo ulioko tumboni. Udongo huo hupita kwanza kwenye firigisi, ambayo huusaga kwa msaada wa punje za mchanga, kisha huingia kwenye utumbo wenye ute mwingi na usio na oksijeni karibu yote. Humo, zebaki iliyokuwa imeshikwa na mabaki ya mimea hulegezwa kwa sehemu fulani na kufyonzwa. Watafiti wamewakuta ndani ya utumbo wa nyungunyungu bakteria wenye uwezo wa kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa ya methili, jambo linaloashiria kwamba mnyama huyu, mbali na kuibeba sumu anayoikuta, huenda akawa mahali pa kuitengenezea ile iliyo kali zaidi.

Baada ya kuingia, zebaki haizunguki ovyo. Ina mvuto mkubwa kwa salfa, na mwilini salfa imo katika protini. Nyungunyungu huunda protini maalumu zinazoitwa metalothionini, zenye salfa nyingi, ambazo huikamata zebaki na kuiweka, hasa katika seli za rangi ya manjano zilizouzunguka utumbo wake. Hii ndiyo kinga inayomwezesha kuendelea kuishi, na ndiyo pia inayomfanya awe ghala. Akihamishiwa kwenye udongo safi, ule udongo wa tumboni hutoka ndani ya siku moja au mbili, ila zebaki iliyokwisha kuingia kwenye nyama hupungua polepole sana, na ile ya methili huchelewa zaidi kutoka.

Kiasi anachokusanya hutegemea hali ya zebaki yenyewe. Kwa zebaki ya jumla, yaani hali zake zote kwa pamoja, majaribio mengi huonesha kwamba mwili wa nyungunyungu huwa na kiwango kinachokaribiana na cha udongo, pengine chini yake, pengine mara chache zaidi. Kwa zebaki ya methili mambo hubadilika: kiwango mwilini huweza kuzidi cha udongo mara makumi, na katika baadhi ya majaribio zaidi ya mara mia. Udongo wenye zebaki ya methili kidogo mno, kiasi ambacho mtu angekipuuza kwenye karatasi ya maabara, unaweza kutoa nyungunyungu asiyefaa kuliwa na kuku.

Wengi huuliza kwa nini basi hawafi. Kiwango cha zebaki kinachowaua kwa mkupuo ni kikubwa mno kulinganisha na kile kinachoanza kuwadhuru kimyakimya. Linaloharibika mapema ni uzazi: hutaga vifuko vichache zaidi vya mayai, na watoto wanaototoka hupungua. Mkulima akiona nyungunyungu wakubwa bila ya wadogo, wala vifuko vya rangi ya manjano-kahawia vyenye ukubwa wa punje ya mtama, mwaka hadi mwaka, ana sababu ya kutaka kujua zaidi, ingawa ukame, dawa za kuulia wadudu na ulimaji wa mara kwa mara nao huleta hali hiyo hiyo.

Kichanga, kinongo, kinamo na ardhi ya maweni

Udongo mmoja huishika zebaki na mwengine huiachia. Kinachoshika zaidi ni mboji iliyoiva, kwa kuwa ina salfa nyingi ya kufungamana nayo, halafu chembe za udongo wa mfinyanzi na kutu ya chuma. Kichanga cha mashamba mengi ya Unguja kina upungufu wa vyote hivyo, kwa hiyo zebaki ikiangukia hapo hubaki kwa sehemu kubwa katika maji ya udongo, na nyungunyungu wachache waliopo huipata kwa urahisi. Kinongo chenye wekundu wake hushika vizuri zaidi, na kinamo cha mabondeni hushika zaidi bado, ila kinamo kina tatizo lake nitakalolieleza hapo chini.

Kwenye uwanda na maweni, ambako udongo ni wa kujaza mashimo baina ya mawe ya matumbawe, hofu yangu kubwa haiko kwa nyungunyungu bali kwa maji. Jiwe la chokaa limejaa nyufa na mapango, na kinachomwagwa juu hufika kwenye maji ya visima bila ya kuchujwa na tabaka nene la udongo. Shimo la asili la jiwe lisifanywe jaa, hata kama liko mbali na nyumba na linaonekana halina mwisho.

Katika shamba la juu, lisilotuama maji, lenye wasiwasi mdogo, dawa nzuri ya kwanza ni samadi na mboji iliyoiva kabisa, iliyopoa na kunukia udongo, itakayochanganywa kwenye matuta kila msimu. Haiiondoi zebaki, ila huifunga, ikapungua ile inayoweza kumfikia nyungunyungu na mzizi. Mbolea ya samadi ambayo haijaiva isitumike kwa lengo hili.

Mabonde ya mpunga

Kwenye bonde lenye kinamo, ushauri huo huo ukifuatwa bila ya kufikiri unaweza kuleta madhara. Maji yakituama, oksijeni ya udongo huisha ndani ya siku chache, na hapo hushamiri bakteria wanaopumua kwa kutumia salfeti na chuma badala ya oksijeni. Miongoni mwao wamo wale wanaotengeneza zebaki ya methili, na chakula chao ni mabaki mabichi ya mimea. Mtu akilifukia bua la mpunga likiwa bichi, akaongeza samadi ambayo haijaiva, kisha akafungia maji wiki baada ya wiki, atakuwa amewaandalia mazingira yote wanayoyahitaji. Katika eneo la Wanshan, mkoa wa Guizhou nchini China, kulikokuwa na machimbo makubwa ya zebaki, imethibitika kwamba mpunga uliolimwa kwenye maji huikusanya zebaki ya methili ndani ya punje, na wali umekuwa njia kubwa ya sumu hiyo kuwafikia watu. Mabonde yetu ya Cheju au ya Pemba hayana historia ya namna hiyo na sitaki mtu yeyote aogope kula mchele wake. Nasema tu kwamba bonde ndilo mahali pa mwisho panapofaa kutupwa globu, betri au taka za hospitali, kwa kuwa huko kiasi kidogo huzaa madhara makubwa kuliko kwenye kilima.

Bonde likiwa linapokea maji ya mvua yanayopita kwenye jaa au mtaa wenye mabiwi, lichimbwe mfereji wa kukinga ili maji hayo yapite pembeni. Bua lifanywe mboji kwanza nje ya jaruba, na pale penye uwezo wa kuyadhibiti maji, jaruba liachwe likauke kiasi kati ya mwagilio mmoja na mwengine badala ya kulifungia maji msimu mzima. Utaratibu huo huokoa maji pia, na kwa wakulima wengi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Nyungunyungu katika majaruba ni wachache wakati wa maji, ila kingo zake huwa nao wengi, na hapo ndipo bata wanapojilisha.

Kuku, bata na mayai

Kuku wa kienyeji haulizi udongo umetoka wapi. Biwi lenye unyevu lina nyungunyungu na mabuu kuliko sehemu yoyote ya kiambo, hivyo hapo ndipo atakapopekua asubuhi hadi jioni, na pamoja na nyungunyungu atameza majivu na udongo wenyewe. Zebaki ya methili aliyoipata kwa njia hii hufyonzwa karibu yote, husambaa kwenye nyama, huingia kwenye manyoya yanayoota, na kwa tetea hutoka kupitia yai. Ndani ya yai huelekea zaidi kwenye ute mweupe, kwa kuwa protini zake zina salfa ya kuivutia, na chumvi za zebaki huelekea zaidi kwenye kiini. Kumnyima mtoto kiini na kumpa ute, au kinyume chake, si kinga.

Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO imekadiria kwamba mtu asipokee zaidi ya mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mwili wake. Kwa mwanamke mwenye kilo 60 hiyo ni mikrogramu 96 kwa wiki. Sisi ni watu wa visiwani, na samaki wakubwa wawindaji kama papa, nduaro na jodari tayari huja na kiasi chao, ambacho kimo baharini kote duniani na mkulima hawezi kukizuia. Nafasi iliyobaki ni ndogo kuliko ya mtu wa bara asiyekula samaki, na mama mjamzito ndiye wa kwanza kuangaliwa, kwa kuwa ubongo wa mtoto aliye tumboni huathirika kwa viwango ambavyo mama mwenyewe havimsumbui. Hapana sababu ya kuongeza kwa mayai kile ambacho uzio wa matete ungeweza kukizuia.

Uzio huo ndio ushauri wangu mkuu kwa wafugaji wadogo, nao si wa gharama: biwi lizungushiwe matete, wavu au makuti, na kuku watengewe sehemu nyengine ya kupekua, yenye majani makavu na samadi ya ng'ombe, ambako nyungunyungu watakuja wenyewe baada ya wiki chache za kunyunyizia maji. Anayechimba nyungunyungu ili awape vifaranga achimbe shambani au chini ya migomba isiyopata maji ya bafuni, asichimbe jaani hata kama huko wanapatikana kwa wepesi. Wavuvi wa ndoana wanaowatumia kwa chambo nao wazingatie hivyo hivyo.

Wanaofuga nyungunyungu kwa ajili ya mboji

Ufugaji wa nyungunyungu kwa kutengeneza mboji ni kazi nzuri, ila lazima ieleweke kwamba nyungunyungu havunji metali. Majani na samadi vinapooza, sehemu kubwa ya uzito wake hutoka kama hewa na maji, na zebaki iliyokuwemo, mbali na kidogo inayoweza kuruka, hubaki ndani ya rundo lililopungua. Kilo mia za taka zikigeuka kilo hamsini za mboji, kiwango cha zebaki kwa kilo hukaribia kuongezeka maradufu, ijapokuwa hakuna aliyeongeza hata chembe. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu moja kwa kilo ya mbolea ya asili iliyokauka, na kipimo hicho kinafaa kuwa kiongozi kwa mtu anayekusudia kuuza mboji kwa hoteli au kwa wakulima wa viungo wanaosafirisha nje.

Malisho yawe samadi ya ng'ombe, vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, maganda ya matunda na mabaki ya mboga yaliyotenganishwa nyumbani kabla ya kuingia kwenye pipa la taka. Taka zilizochanganyika za sokoni au za mtaani, hata zikichambuliwa kwa mkono baadaye, hazifai, kwa kuwa unga mweupe wa globu iliyopasuka hauonekani tena ukishagusana na maganda yaliyolowa. Majivu ya kuni safi yanaweza kutumika kidogo, ila ya biwi yasitumike kwenye sanduku la nyungunyungu wala kwenye tuta la tungule, na hili nalisisitiza kwa sababu bado naona wakulima wakiyabeba kwa karai wakiamini kwamba majivu yote ni dawa.

Mbegu ya nyungunyungu inunuliwe kwa mfugaji anayeweza kueleza anawalisha nini. Mwenye wasiwasi awaweke kwanza katika samadi safi kwa wiki kadhaa, na kizazi kitakachototolewa humo ndicho kiwe mbegu yake, si wale wazee walioletwa.

Kipimajoto kikivunjika, na ardhi ikishukiwa

Kipimajoto kikivunjika nyumbani au skuli, watoto watolewe, madirisha yafunguliwe na pete za dhahabu zivuliwe, kwa kuwa zebaki huzishika na kuziharibu. Ufagio usitumike, kwani hukitawanya kitone kimoja kuwa mia. Vitone visukumwe kwa vipande viwili vya karatasi ngumu mpaka vikutane, vitiwe kwenye chupa yenye maji kidogo na mfuniko unaobana, na chembe zilizobaki zinaswe kwa utepe wa kunata. Chupa iandikwe kilichomo na iwekwe mbali na jiko hadi ofisi ya mazingira ya wilaya itakapoelekeza pa kuipeleka. Isimwagwe chooni, isifukiwe bustanini, na kamwe isichomwe.

Kwa kipande cha ardhi kinachoshukiwa, jambo la awali ni kuuliza. Sheha na wazee wa mtaa mara nyingi hukumbuka kilichokuwa mahali hapo kabla ya bustani, na vipande vya kioo chembamba, betri zilizovimba na majivu ya kijivu kwenye kina cha jembe husema mengine. Udongo wa hapo usitawanywe kwa kuulima wala kupelekwa shamba jengine kama mbolea. Matuta ya kuinuliwa yajengwe juu yake kwa udongo safi uliotoka kwengine, au pafunikwe na kupandwa maua na miti ya kivuli. Mboga za majani na mazao ya chini ya ardhi kama muhogo na majimbi yahamishwe mpaka ukweli ujulikane.

Ukweli huo hutoka maabara. Kipimo cha kawaida cha rutuba kinachoonesha uchachu, naitrojeni, fosforasi na potasiamu hakioneshi zebaki hata kidogo, kwa hiyo mkulima amweleze bwana shamba au bibi shamba wake waziwazi kwamba anataka kipimo cha zebaki, na aulize kabla ya kuchukua sampuli, ama Kizimbani kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ama kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ni maabara ipi itakayokifanya na kwa gharama gani. Udongo uchotwe kwa kijiko cha plastiki au cha chuma kisichoshika kutu kutoka sehemu 10 hadi 15 za kipande hicho, kina cha sentimita 15, uchanganywe katika ndoo safi, na nusu kilo yake itiwe kwenye mfuko mpya uliofungwa vizuri. Sehemu iliyo safi ya shamba hilo hilo nayo itolewe sampuli yake, kwa sababu tarakimu moja isiyo na ya kulinganishwa nayo haimsaidii mtu. Udongo usianikwe juani wala kukaushwa motoni, kwani sehemu ya zebaki itaruka. Ukilazimika kukaushwa, uwe kivulini na usizidi nyuzijoto 40.

Maabara ikikubali kupima nyungunyungu pia, ambao kwa maoni yangu hueleza zaidi kuliko udongo kile kitakachomfikia kuku, wakusanywe angalau makumi kadhaa kutoka kipande kile kile, wasuuzwe kwa maji safi na kuwekwa juu ya karatasi ya kufutia iliyoloa ndani ya chombo chenye mfuniko uliotobolewa, kwa saa 24 hadi 48. Karatasi itajaa vinyesi vidogo vyeusi na itahitaji kubadilishwa, kwa sababu wengine huvila tena. Wakishakuwa wepesi na ule weusi wa tumboni umetoweka, wasuuzwe tena, watiwe kwenye chupa na kugandishwa barafuni hadi siku ya kupelekwa. Pasipofanyika hivyo, maabara itakuwa imepima udongo uliomo tumboni mwa nyungunyungu, na jibu litakalorudi halitamweleza mkulima kile kilichomo kwenye nyama yake.